Kuchora mateso ya wakimbizi: uso, msafara, ramani, au brashi uwaachie wenyewe?

Mwezi Juni ukikaribia, na Siku ya Wakimbizi Duniani tarehe 20, maombi huanza kuwafikia wachoraji. Shirika linataka picha ya ukutani, shule inataka maonyesho, nyumba ya sanaa inataka kazi "inayogusa". Kinachotoka mara nyingi kinafanana: mtoto ana chozi shavuni, nyuma yake seng'enge, pembeni turubai jeupe. Hakuna uongo humo, watoto hulia na seng'enge zipo. Ila zipange picha kumi za namna hiyo uone kama utajua ipi ni ya kambi ya Kakuma nchini Kenya, ipi ya Nyarugusu nchini Tanzania na ipi ya Zaatari nchini Jordan. Mtu aliyeishi katika kambi mojawapo hatajiona humo.

Nimeandika kwa ajili ya mchoraji, mwalimu wa sanaa au mwandaaji wa maonyesho aliyekwama kabla ya kuanza. Nalinganisha njia nne ambazo wachoraji wamezitumia kweli: kuchora uso wa mtu mmoja, kuchora msafara, kuchora bila kuonyesha mtu, na kuwaachia brashi wakimbizi wenyewe. Ipo na njia ya tano, kejeli, nitaigusa kwa ufupi tu kwa sababu si wengi wataihitaji.

Vigezo

Kila njia nitaiuliza maswali yaleyale. Je, anayechorwa anabaki na heshima na usalama wake? Mtazamaji ambaye hajawahi kukimbia anaondoka na nini? Kazi yenyewe inadai nini: muda, ufundi, vifaa? Inaharibikia wapi? Halafu inamfaa nani.

Sitaficha kwamba swali la kwanza nalipa uzito kuliko mengine. Mchoro ukikosa ustadi utasahaulika na hakuna atakayeumia. Mchoro uliomfichua mtu unaweza kumfuata miaka.

Uso wa mtu mmoja

*Heshima na usalama.* Hapa ndipo penye hatari kubwa kwa anayechorwa. Mtu anayesubiri uamuzi wa ombi lake la hifadhi, au aliyeacha ndugu huko alikotoka, hana haja ya sura yake kuzunguka kwenye simu za watu. Tena kuna jambo ambalo wachoraji wanaotoka nje ya kambi hulisahau: mkimbizi ni mtu aliyehojiwa sana. Kahojiwa wakati wa kuandikishwa, kahojiwa kuhusu mgao, pengine kahojiwa mara kadhaa kwa ajili ya kupelekwa nchi ya tatu. Ukikaa mbele yake na daftari, ana sababu zote za kudhani daftari hilo nalo lina nguvu. Mwambie mapema, kwa lugha anayoielewa vizuri, kwamba picha yako haitasogeza faili lake hata hatua moja. Ukishasema hivyo, wengine watasimama waondoke. Waache.

*Mtazamaji anaondoka na nini.* Mwishoni mwa 2024, UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, ilihesabu watu milioni 123.2 duniani waliolazimika kuhama makwao. Idadi hiyo haishikiki kichwani, uso mmoja unashikika. Mfano ninaourudia mara nyingi ni wa Mounira Al Solh, msanii wa Lebanon, ambaye tangu 2012 amekuwa akichora watu waliokimbia Syria na kwingineko kwenye karatasi za njano zenye mistari, zile za ofisini wanazotumia wanasheria. Anachora huku wanaongea, na maneno ya maongezi yanaandikwa pembeni ya uso kwa Kiarabu. Mfululizo huo ulionyeshwa mwaka 2017 kwenye documenta 14, maonyesho makubwa ya sanaa ya kisasa. Jina la mfululizo linatetea haki ya mtu kuwa na mambo mepesi, hata ya kipuuzi, na ndiyo maana naupenda. Aliyekimbia vita bado ana utani wake, bado ana maoni kuhusu kinyozi wake. Mtazamaji anakutana na mtu mzima, akiwa na zaidi ya jeraha lake.

*Kazi na vifaa.* Penseli, mkaa au kalamu vinatosha, na rangi za mafuta si lazima. Kinachohitajika ni muda wa kukaa na mtu, na mkono unaoweza kushika sura bila kuipamba.

*Inaharibikia wapi.* Inaharibika mchoraji asipokutana na mtu na badala yake akanakili picha iliyosambaa. Mwaka 2016 wachoraji wawili wa Frankfurt, Justus Becker na Oguz Sen, walichora kando ya mto Main picha kubwa ya Alan Kurdi, mtoto wa Syria aliyekutwa amekufa ufukweni Uturuki Septemba 2015. Alichorwa vilevile alivyopigwa picha, kalala kifudifudi. Juni mwaka huohuo mtu akaichafua kwa maandishi ya Kijerumani yaliyosema mipaka huokoa maisha. Wachoraji hawakuirudishia ileile. Walimchora Alan upya, anacheka, amezungukwa na wanasesere wa dubu. Wapo walioona picha ya pili imelainishwa mno. Kwa maoni yangu ile ya pili inauma zaidi, kwa kuwa inamrudisha mtoto kabla ya ile picha ambayo dunia nzima iliiona pasipo yeye kuulizwa. Lakini zote mbili zinabaki na shida moja: mwenye uso hawezi kukubali wala kukataa.

*Inamfaa nani.* Mchoraji aliye karibu na watu anaowachora, anayeweza kurudi kuwaonyesha kazi kabla haijatundikwa, na aliye tayari kuificha kabati­ni akiambiwa hapana.

Msafara

*Heshima na usalama.* Hatari inapungua, kwa sababu watu wanabuniwa au wanachanganywa kutoka kumbukumbu nyingi. Swali linageuka kuwa la aina nyingine: je, umati huu una watu ndani, au umekuwa mto wa migongo?

*Mtazamaji anaondoka na nini.* Anaondoka na sababu na mwelekeo. Uso hausemi mtu alikimbia nini, msafara unaweza kusema. Ismail Shammout alikuwa kijana wa miaka 18 Wapalestina wa Lydda walipofukuzwa Julai 1948, na mdogo wake alikufa kwa kiu njiani. Miaka mitano baadaye, mwaka 1953, alifanya maonyesho Gaza, na mojawapo ya picha iliitwa "Kwenda wapi?". Iangalie kwa makini. Mzee mwenye nguo zilizochakaa ana fimbo mkono mmoja, mkono wa pili umemshika mtoto anayelia. Wanashikana kifundo, si kiganja, jinsi unavyomshika mtoto usiyetaka akuponyoke. Mtoto mdogo zaidi amelala begani kwake, shavu limelalia kichwa cha mzee. Nyuma kidogo mtoto wa tatu anakuja peke yake, hakuna mkono uliobaki wa kumshika. Huko nyuma mti mkavu, na mbali zaidi mji wenye mnara wa msikiti. Hakuna askari katika picha nzima. Waliokwenda kuitazama Gaza wengi walikuwa wakimbizi wenyewe, na hawakuhitaji kuelezwa askari walikuwa wapi.

Jacob Lawrence naye, Mmarekani mweusi aliyekuwa na miaka 23, alimaliza mwaka 1941 picha 60 ndogo kuhusu Wamarekani weusi waliohama Kusini kwenda miji ya Kaskazini. Kisheria hao hawakuwa wakimbizi, ila waliyoyahama ni pamoja na njaa na kunyongwa na makundi ya wazungu. Picha ya 15 ndiyo inayohusu kunyongwa. Utaona tawi, kitanzi kitupu, na mtu mmoja amejikunyata chini yake. Maiti hakuna. Anayesema mateso hayaaminiki mpaka damu ionekane na akaitazame hiyo.

Na kwa sisi wasemaji wa Kiswahili mfano uko jirani zaidi. Lubumbashi, miaka ya 1973 na 1974, Tshibumba Kanda-Matulu alichora historia ya nchi yake katika picha takriban mia moja, jimbo la Katanga na vita vyake vya kujitenga vikiwemo, huku akimsimulia mtafiti Johannes Fabian kwa Kiswahili cha huko kila picha ina nini. Michoro ya mtindo huo ilichorwa hata kwenye vitambaa vya magunia ya unga, iliuzwa kwa watu wa kawaida waitundike sebuleni, na kazi yake iliitwa ukumbusho. Maandishi yaliwekwa ndani ya picha bila aibu. Walimu wa sanaa wa siku hizi wangeyaita makosa. Mimi nayaona kama msaada: msafara bila jina la mahali na mwaka hugeuka haraka kuwa msafara wa popote.

*Kazi na vifaa.* Njia hii ni nzito. Inadai utunzi, mpangilio wa watu wengi, na mara nyingi mfululizo. Lawrence alitumia ujanja unaoigika: alichora picha zote 60 kwa pamoja, akipaka rangi moja kwenye mbao zote ndipo achukue nyingine, ili bluu ya picha ya kwanza iwe bluu ya picha ya mwisho. Kwa bajeti ndogo ni njia nzuri, hununui vikopo vingi mara moja. Michael Armitage, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1984, huchora kwenye lubugo, kitambaa cha magome ya mti kinachotengenezwa Uganda. Lubugo lina matundu na mishono, na rangi inalazimika kuyazunguka. Katika miaka ya karibuni amechora pia watu wanaovuka kuelekea Ulaya, na yale matundu humkatisha mtazamaji katikati ya mwili wa mtu. Ni chaguo la kifaa linalobeba maana, japo usikimbilie lubugo kama hujui kulivuta na kuliweka kwenye fremu.

*Inaharibikia wapi.* Kwenye ukubwa. Mchoraji anataka kuonyesha wingi, anaishia kuchora vichwa. Jiwekee sharti: kila mtu wa tatu katika picha awe anafanya jambo lake, anafunga kiatu, anahesabu watoto, anabishana kuhusu njia.

*Inamfaa nani.* Anayetaka kufundisha historia, shule, makumbusho, na mchoraji aliyekimbia mwenyewe anayebeba kumbukumbu lakini hataki kumtaja mtu.

Bila mtu ndani ya picha

*Heshima na usalama.* Hakuna anayefichuliwa. Kwa kigezo hiki pekee, njia hii inazishinda zote.

*Mtazamaji anaondoka na nini.* Inategemea amejipa muda gani. Tiffany Chung, Mmarekani mwenye asili ya Vietnam ambaye familia yake iliguswa na vita na kuhama, huchora ramani kwa wino na rangi ya mafuta kwenye karatasi nyembamba inayopitisha mwanga. Ramani zake kuhusu Syria zilionyeshwa Venice mwaka 2015. Ukiwa mbali unaona vidoto vya rangi vinavyopendeza. Ukisogea unagundua kila kundi la vidoto linahesabu kitu: watu waliohama, watoto waliokufa, miji iliyobomolewa. Ametengeneza pia ramani ya dunia iliyotariziwa, nyuzi zikifuata njia ambazo Wavietnam waliokimbia walipita baharini na angani.

Njia nyingine ya kuficha ni ya Lubaina Himid, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1954 na kushinda Tuzo ya Turner, tuzo ya sanaa ya Uingereza, mwaka 2017. Mfululizo wake kuhusu Le Rodeur hauhusu wakimbizi. Unahusu meli ya Wafaransa iliyobeba watumwa mwaka 1819, ugonjwa wa macho ukaingia, watumwa waliopofuka wakatupwa baharini. Himid hachori hata mmoja wa waliotupwa. Anachora watu waliovaa vizuri ndani ya vyumba visivyoeleweka, bahari ikiwa dirishani. Watu wamo, ndiyo, ila tukio halimo. Nimemweka hapa kwa sababu mchoraji wa wakimbizi anaweza kujifunza kwake jinsi ya kuiacha bahari ifanye kazi.

*Kazi na vifaa.* Rangi kidogo, utafiti mwingi. Ramani yenye takwimu za kubahatisha ni pambo tu.

*Inaharibikia wapi.* Kwenye uzuri. Mnunuzi anaweza kuitundika juu ya kochi kwa sababu rangi zinaendana na mapazia. Na kwa mtazamaji wa kambini, aliyeambiwa hii ni picha ya maisha yake, vidoto vinaweza kuwa kama fomu nyingine ya ofisini.

*Inamfaa nani.* Mchoraji wa mbali asiyekuwa na haki ya kudai anawajua watu hao, maonyesho ya watazamaji wenye subira, na mtu ambaye ndugu zake bado wako hatarini.

Brashi mikononi mwao

*Heshima na usalama.* Inaonekana ndiyo njia safi kuliko zote, na mara nyingi ni kweli. Hannah Rose Thomas, mchoraji wa Uingereza, alikwenda Kurdistan ya Iraq mwaka 2017 akawafundisha wanawake wa Kiyazidi waliotoroka mikononi mwa ISIS kujichora nyuso zao wenyewe. Wengi walijichora na machozi ya dhahabu. Baadaye yeye naye aliwachora, kwa rangi ya mayai na karatasi za dhahabu, mtindo wa picha za kale za makanisa ya Ulaya. Hapo chozi nililolilalamikia mwanzoni lina mwenyewe: wameliweka wao, kwa rangi waliyoitaka wao.

*Mtazamaji anaondoka na nini.* Ushahidi, wakati mwingine kwa maana ya kimahakama. Mwaka 2007 shirika la Waging Peace lilikusanya mashariki mwa Chad michoro 500 ya watoto waliokimbia Darfur, magharibi mwa Sudan. Watoto walichora helikopta, nyumba zinazowaka, watu wenye bunduki juu ya farasi na ngamia. Mahakama ya Kimataifa ya Uhalifu iliikubali kama ushahidi wa mazingira ya makosa. Sijui mchoraji wa kulipwa ambaye kazi yake imefika huko.

*Kazi na vifaa.* Usidanganyike kwamba ni kazi rahisi. Unahitaji mkalimani, mahali penye kivuli, maji ya kusafishia brashi katika kambi ambako watu wanapanga foleni ya madumu, na ruhusa za wasimamizi. Ukuta wa tope haushiki rangi kama ukuta wa plasta, na kwenye joto la Turkana, iliko Kakuma, rangi ya akriliki hukauka kabla mtoto hajaamua achore nini. Pia unahitaji mtu wa kukaa na yule atakayeanza kutetemeka katikati ya kuchora. Kama huna mtu huyo, usiulize kuhusu kumbukumbu mbaya. Uliza wanataka kuchora nini, basi.

*Inaharibikia wapi.* Kwenye sahihi na fedha. Michoro ikiuzwa, fedha zimekwenda wapi? Jina la nani liko kwenye bango, la msanii mgeni au la waliochora? Na inaharibika pia mwezeshaji anapowasukuma watu kwenye huzuni kwa sababu mfadhili anaitarajia. Mtoto akichora mpira wa miguu, ni mpira wa miguu.

*Inamfaa nani.* Walimu, mashirika yaliyo kambini kwa muda mrefu, na wasanii wanaokubali kwamba kazi itakayotoka huenda isifanane na kazi zao.

Kejeli, kwa ufupi

Abdalla Al Omari, Msyria aliyepata hifadhi Ubelgiji, alichora viongozi wa dunia kama wakimbizi: Trump na mtoto mgongoni, wakubwa wengine wakiwa kwenye foleni. Kazi hizo zilionyeshwa Dubai mwaka 2017. Banksy naye mwishoni mwa 2015 alimchora Steve Jobs, ambaye baba yake mzazi alitoka Syria, kwenye ukuta wa kambi ya Calais, na kifurushi begani. Mkimbizi hafichuliwi, na mtazamaji anaelewa papo hapo. Ila utani huu unauzunguka mkubwa, mkimbizi anabaki vazi tu. Al Omari ana haki nao kwa kuwa foleni hiyo alishaijua. Wewe ambaye hujawahi kusimama humo, fikiri mara mbili.

Uchague vipi kulingana na hali yako

Ukiwa umekimbia wewe mwenyewe, njia zote ni zako, ila anza na msafara. Unakuruhusu kusema yaliyotokea bila kumfichua jirani yako. Wachoraji wa Sudan waliohamia Nairobi na Cairo baada ya vita kuanza Khartoum Aprili 2023 hawalazimiki hata kuchora vita. Maua ni ruhusa.

Ukiwa mchoraji wa Dar es Salaam, Nairobi au Kampala na una wiki mbili za kutembelea kambi, nenda na penseli kwa ajili ya nyuso, lakini usichore za kutundika. Chora za kuwaachia wenyewe. Ukirudi nyumbani, fanya kazi isiyo na mtu ndani yake, kutokana na ulichokiona: mpangilio wa njia, vivuli vya mabati, foleni ya madumu bila wenye madumu.

Ukiwa mwalimu na darasa lako lina watoto wakimbizi pamoja na wenyeji, usimwombe mtoto mmoja achore "safari yake" mbele ya wenzake. Wape wote mada moja, kwa mfano kitu ambacho wangebeba, kisha mtoto aamue mwenyewe atasema nini.

Ukiwa mwandaaji wa maonyesho, changanya angalau njia mbili. Ramani peke yake hupooza, nyuso peke yake huchosha. Na weka ukutani maelezo ya nani alikubali kuchorwa na kwa masharti gani, mafupi tu, kwa Kiswahili pia kama maonyesho yako hapa kwetu.

Na kama umepewa kazi na shirika linalotaka waziwazi mtoto mwenye chozi kwa ajili ya kuchangisha fedha, huna haja ya kugombana nao wala kukosa malipo. Peleka michoro miwili ya awali: mmoja walioutaka, mwingine wa mtoto huyohuyo akifanya kitu, anabishana, anabeba kuni, anamsuka dada yake. Kisha omba michoro yote miwili ionyeshwe kwa kamati ya wakimbizi ya kambi husika kabla ya kuchagua. Sharti hilo liandike kwenye mkataba, kabla hujapokea malipo ya awali.